Nguvu Moja, Maneno Manne: Mipaka ya Maana kati ya Kiswahili na Kiingereza

Katika kata ya Buhare, ndani ya Manispaa ya Musoma, mkoani Mara, kipo Chuo cha Maendeleo ya Jamii. Kazi ya chuo hicho ni kuwaandaa wataalamu watakaoshirikiana na wananchi vijijini na mijini katika shughuli za kujiendeleza. Jina lake halimtatizi msemaji yeyote wa Kiswahili. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili akiambiwa alitafsiri kwa Kiingereza, mara hujikuta njia panda. Akifungua kamusi, chini ya neno "jamii" atakuta "society", atakuta "community", na mahali pengine atakuta "social". Achague lipi?

Akichagua "society" atakuwa amekosea, ingawa kamusi imempa neno hilo. Kwa Mwingereza, "society" ni mfumo mzima wa watu wa nchi au wa zama fulani, pamoja na sheria, desturi na matabaka yao. "Community" ni watu wanaokaa pamoja, au wanaoshiriki jambo moja linalowaunganisha: kijiji, mtaa, waumini wa dini moja. Mtaalamu aliyehitimu Buhare hukutana na watu wa namna hii ya pili, na ndiyo maana kazi yake huitwa "community development". Hata hivyo, neno hilohilo "jamii" likiwa katika "Ustawi wa Jamii" hutafsiriwa "social welfare". Na ile Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1967, ikavunjika 1977, kisha ikaundwa upya kwa mkataba wa mwaka 1999, kwa Kiingereza nayo ni "community". Hivyo "community" hugusa jamii upande mmoja na jumuiya upande mwingine, wakati "jamii" nayo hugawanyika sehemu tatu.

Ni dhahiri kwamba mwanafunzi anayekosea hapa hakosei kwa uvivu, wala kwa kukosa akili. Amekosea kwa sababu alidhani kwamba maneno ya lugha mbili hupangana mojamoja, kama viatu vya kulia na vya kushoto. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi ya Kiingereza yanayoonekana katika madaftari ya shule zetu, na gharama yake haiishii katika somo la Kiingereza. Huingia katika fizikia, katika biolojia, na hata katika chumba cha daktari.

Thamani ya neno

Mtaalamu wa isimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, aliyefariki mwaka 1913, aliwafundisha wanafunzi wake mjini Geneva kwamba neno halibebi maana likiwa peke yake. Thamani yake hutokana na maneno jirani yanayolizunguka katika lugha ileile. Masomo yake yalikusanywa na kuchapishwa mwaka 1916, na mfano mmoja aliousema umekuwa maarufu. Mfaransa huita "mouton" kondoo anayekula majani, na pia nyama yake iliyo sahanini. Mwingereza hawezi kufanya hivyo: mnyama ni "sheep", nyama yake ni "mutton". Kwa sababu hiyo "mouton" na "sheep" hayana thamani moja, hata kama mchungaji wa Ufaransa na mchungaji wa Uingereza wanaonyesha mnyama yuleyule kwa kidole.

Tofauti hiyo ina historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu mabwana wa nchi walisema Kifaransa huku wakulima na wachungaji wakiendelea na lugha yao. Katika karne zilizofuata maneno ya pande zote mbili yaligawana kazi. Ng'ombe hai alibaki "cow", nyama yake ikawa "beef". Nguruwe alibaki "pig", nyama yake ikawa "pork". Msemaji wa Kiswahili hana haja ya maneno hayo mawilimawili. Yeye husema "nyama ya ng'ombe" na "nyama ya nguruwe", na anaeleweka barabara. Anapojifunza Kiingereza hana budi kuujua mpaka ambao katika lugha yake haupo.

Kwa hiyo yafaa kila lugha ifikiriwe kuwa ni kijiji kilichogawa ardhi yake kwa mashamba. Vijiji viwili vikipewa ardhi ya ukubwa uleule, havitaigawa kwa mistari ileile. Kimoja kitapima shamba moja kubwa mahali ambapo kingine kimepima manne. Anayehama kijiji kimoja kwenda kingine hupotea akitembea kwa kuifuata mipaka ya kule alikotoka.

Pale Kiingereza kinapogawa zaidi

Tuanze na neno jepesi: "refu". Kiswahili husema mtu mrefu, kamba ndefu, mlima mrefu na kisima kirefu. Kiingereza hudai maneno manne: mtu ni "tall", kamba ni "long", mlima ni "high", na kisima ni "deep". Nomino yake, "urefu", nayo hugawanyika vivyo hivyo. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Urefu huo ni "altitude". Mahali penye kina kikubwa ziwa hilo hufikia mita 80 hivi. Urefu huo wa kwenda chini ni "depth". Urefu wa mtumbwi unaoelea juu yake ni "length", na urefu wa mvuvi aliyesimama ndani ya mtumbwi ni "height". Mwanafunzi wa jiografia anayeandika "length" mahali pote amepima sawasawa, lakini msahihishaji hatajua amepima nini.

Neno la pili ni "kusikia". Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, njaa, maumivu na hata raha. Kiingereza kimeigawa milango ya fahamu: sauti ni "hear", harufu ni "smell", na mambo ya mwilini ni "feel". Anayejifunza akiandika "I hear cold", Mwingereza hubaki akijiuliza baridi imetoa sauti gani. Na kwa mwanafunzi wa Musoma jambo hili lina uzito zaidi. Mjini humo na katika wilaya za jirani za Butiama na Bunda husemwa lugha nyingi: Kikwaya, Kijita, Kiruri, Kizanaki, Kikurya na nyinginezo za Kibantu, pamoja na Kijaluo, ambacho si cha Kibantu. Katika Kijaluo kitenzi "winjo" nacho hubeba kusikia kwa sikio pamoja na kuhisi mwilini. Mtoto anayekulia katika lugha hiyo na kisha akajifunza Kiswahili huukuta mpangilio ule ule mara mbili kabla hajakutana na Kiingereza. Haishangazi kwamba mazoea hayo hayang'oki kwa siku moja.

Neno la tatu linahusu mwili. "Mkono" kwa Kiswahili cha kila siku huanzia begani hadi ncha za vidole, na "mguu" huanzia nyongani hadi unyayo. Kiingereza huukata mkono kwenye kifundo: juu yake ni "arm", chini yake ni "hand". Mguu nao hukatwa vivyo hivyo: "leg" na "foot". Vidole pia hutengwa, vya mkononi "fingers" na vya mguuni "toes". Mwanafunzi wa biolojia anayetakiwa kutaja sehemu za mchoro atapoteza alama kwa kuupuuza mpaka huo. Katika taarifa ya ajali, anayeandika "leg" badala ya "foot" amehamisha jeraha.

Kiambishi kidogo, neno zima

Yapo makosa mengine ambayo huonekana kama hayana mpango, kumbe yote yana chanzo kimoja. Kiswahili kina kauli ya kutendesha. Kwa kuongeza kiambishi kidogo mwishoni mwa kitenzi, mtendaji hugeuka kuwa msababishaji: kumbuka, kumbusha, kopa, kopesha, la, lisha, ona, onyesha, anguka, angusha. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo kinachofanya kazi kwa upana huo. Mahali pake hutumia neno jingine kabisa. Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kula ni "eat", kulisha ni "feed". Kuona ni "see", kuonyesha ni "show". Kuanguka ni "fall", kuangusha ni "drop".

Mwanafunzi anayejua mzizi mmoja wa Kiswahili hutafuta mzizi mmoja wa Kiingereza. Ndipo anapoandika "Remember me to bring the book", akikusudia kuomba akumbushwe. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni kama mtu anayeaga na kuomba asisahauliwe. Hali huwa ngumu zaidi kwa kitenzi "azima", kwa kuwa Kiswahili hukitumia pande zote mbili: "niazime kalamu yako" na "nimeazima kalamu yake". Matokeo yake ni sentensi "Borrow me your pen", ambayo kila mwalimu wa Kiingereza ameisikia. Mwalimu akiisahihisha bila kueleza sababu, mwanafunzi ataikariri kwa siku mbili, kisha ataisahau. Akionyeshwa kwamba palipo na "-sha" katika Kiswahili aghalabu huwa pana neno jipya katika Kiingereza, amepata kanuni itakayomsaidia kwa maneno mengi ambayo bado hajakutana nayo.

Pale Kiswahili kinapogawa zaidi

Pengine msomaji atahitimisha kwamba Kiingereza kina maneno mengi na Kiswahili kina machache. Hitimisho hilo si sahihi. Mmea ulioko shambani ni mpunga. Nafaka iliyokobolewa ni mchele. Chakula kilichopikwa ni wali. Kiingereza kwa yote matatu husema "rice" tu. Mgeni anayejifunza Kiswahili husema "nimekula mpunga", na wenyeji hucheka, kama vile Mwingereza anavyocheka akisikia mtu amesikia baridi. Vivyo hivyo, dada wa baba ni shangazi na mdogo wa kike wa mama ni mama mdogo. Kiingereza huwaita wote "aunt".

Hata ndoa Kiswahili huigawa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kiingereza kina kitenzi kimoja, "marry", kwa wote wawili. Mwanafunzi akitafsiri "Aliolewa na Juma" neno kwa neno, ataandika "She was married by Juma". Mwingereza ataelewa kwamba Juma ndiye kasisi au ofisa aliyefungisha ndoa hiyo. Hapa kosa limetokana na mpaka wa Kiswahili kupelekwa mahali ambapo haupo.

Nguvu katika darasa la fizikia

Sasa tufike mahali ambapo jambo hili lina gharama kubwa kuliko zote. Katika shule za msingi za serikali lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Katika shule za sekondari ni Kiingereza. Mabadiliko hayo yamejadiliwa kwa miaka mingi. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika taarifa yake ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hata katika ngazi za juu ya elimu ya msingi; pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walieleza kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania kilikuwa cha chini mno kuweza kubeba masomo. Sera zimepitiwa tangu wakati huo, lakini mtoto anayeingia kidato cha kwanza leo katika shule ya serikali bado huvuka mpaka uleule.

Mtoto huyo huingia darasa la fizikia akiwa na neno "nguvu". Mwenye misuli ana nguvu. Mashine ina nguvu. Chakula kinatia nguvu. Kamba imara ina nguvu. Akiuliza "nguvu" kwa Kiingereza ni nini, huenda akajibiwa kwa haraka kwamba ni "power". Jibu hilo si la uongo, ila ni robo ya jibu. Fizikia kwa Kiingereza imeigawa nguvu katika mashamba manne yaliyozungushiwa uzio: "force", "energy", "power" na "strength". Kila moja lina kipimo chake, na mtu haruhusiwi kuvuka.

Na tuchukue mfano kutoka mwaloni. Mchukuzi ananyanyua gunia la dagaa lenye kilo 20 kutoka chini hadi juu ya gari, mita 1.5. Dunia hulivuta gunia hilo kwa nyutoni 200 hivi, maana kila kilo huvutwa kwa nyutoni zipatazo 10. Hiyo ndiyo "force" anayopaswa kuishinda. Akilifikisha juu, atakuwa amelipa gunia juli 300, yaani 200 mara 1.5. Hiyo ni "energy". Akitumia sekunde 2, atakuwa ametenda kwa kiwango cha wati 150. Akitumia sekunde 5, wati 60. Hiyo ni "power", na ndiyo pekee inayobadilika kwa haraka au uvivu wake. Na uwezo wa kamba za gunia kustahimili uzito bila kukatika ni "strength". Gunia ni moja na tendo ni moja, lakini Kiingereza cha sayansi kimelihesabu mara nne.

Mwanafunzi aliyejibiwa "power" ataandika katika mtihani kwamba "power" ya gunia ni nyutoni 200, na atapata sifuri. Msahihishaji atadhani hajui fizikia. Huenda anaijua vizuri, ila amelitia jibu sahihi katika shamba la jirani.

Lakini wataalamu wa Kiswahili walikwisha kulishughulikia tatizo hilo. Walilichukua neno la zamani "kani", wakalipa kazi ya "force"; wakalichukua "nishati", wakalipa kazi ya "energy". Istilahi za namna hii zilikusanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotoka mwaka 1990. Neno "uzito" nalo likatengwa na "tungamo": uzito ni "weight", yaani mvuto unaopimwa kwa nyutoni, tungamo ni "mass", yaani kiasi cha maada kinachopimwa kwa kilo. "Joto" likatengwa na "halijoto". Kikombe cha chai chenye nyuzi 80 za Selisiasi kina halijoto, yaani "temperature", kubwa kuliko maji ya Ziwa Viktoria. Lakini ziwa hilo, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina nishati ya joto isiyolinganishwa na ya kikombe chochote.

Mwanafunzi aliyekwisha jua kwa Kiswahili kwamba kani si nishati anapokutana na "force" na "energy" hujifunza majina mawili tu. Asiyejua hulazimika kujifunza majina na mipaka kwa pamoja, katika lugha ambayo bado ni ngeni kwake. Kwa hiyo Kiswahili chenye istilahi thabiti humpunguzia mwanafunzi wa Kiingereza nusu ya mzigo.

Dagaa wa Musoma na dagaa wa Kigoma

Wakati mwingine mpaka wa neno hutegemea mahali mtu alipo. Mwanafunzi anayetaka kutaja dagaa kwa Kiingereza mara nyingi huandika "sardine". Akiwa Kigoma amesema vema, kwa maana dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao wanasayansi huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ni wa kundi la sadini kweli. Akiwa Musoma amekosea. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni Rastrineobola argentea, samaki mdogo aliye karibu na kundi la kapu, wala hana undugu wa karibu na sadini. Wakenya humwita omena, na Waganda mukene. Kiswahili kimewaita wote dagaa kwa kuangalia udogo wao na jinsi wanavyoanikwa na kuliwa. Elimu ya viumbe huangalia maumbile na nasaba.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza neno fulani huitwaje kwa Kiingereza, yafaa kuuliza kwanza kitu chenyewe ni kipi.

Maneno yanayoandamana

Mtaalamu wa isimu wa Uingereza, J. R. Firth, aliyeishi kati ya 1890 na 1960, alisisitiza kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo. Mwingereza akisifu chai iliyokolea husema "strong tea". Akisifu gari husema "powerful car". Akiyabadilisha, sentensi bado hueleweka, lakini msikilizaji hujua mara moja kwamba msemaji ni mgeni. Vivyo hivyo, mvua iliyonyesha sana ni "heavy rain". Anayeandika "big rain" ameitafsiri "mvua kubwa".

Kiswahili kina tabia hiyohiyo. Mswahili hupiga simu, hupiga picha, hupiga pasi, hupiga kura, hupiga mswaki na hupiga hodi, na katika yote hayo hakuna anayepigwa. Kiingereza kina kitenzi tofauti kwa karibu kila moja: simu "make", picha "take", nguo "iron", kura "cast", meno "brush", mlango "knock". Hapa hakuna kanuni ya kukokotoa. Kilichopo ni kusoma sana, na kulikariri neno pamoja na mwenzake badala ya kulikariri peke yake.

Mwalimu wa Butiama

Mkoa wa Mara una mfano wake wa mtu aliyeijua mipaka ya lugha tatu. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 katika nyumba ya Wazanaki, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Mwaka 1934 aliingia shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Baadaye alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, kisha akaongoza nchi. Katikati ya kazi hizo aliifasiri tamthiliya ya Shakespeare iliyomhusu Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963, na toleo lililosahihishwa likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 alitoa Mabepari wa Venisi.

Jina hili la pili lastahili kuchunguzwa. Kwa Kiingereza ni "The Merchant of Venice", na "merchant" ni mfanyabiashara mkubwa anayesafirisha bidhaa, tofauti na "shopkeeper", mwenye duka, na "hawker", mchuuzi. Neno la kamusi lingekuwa "mfanyabiashara", tena katika umoja, kwani Shakespeare alimtaja mmoja. Nyerere aliandika "mabepari", katika wingi. Neno "bepari" lilifika pwani kutoka lugha za India, ambako maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu. Katika Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kupata maana nyingine: mwenye mtaji anayeishi kwa jasho la wengine. Neno hilo moja likabeba asili yake na siasa ya wakati wake.

Wapo wasomaji waliolikubali chaguo hilo, na wapo waliolipinga. Lakini hapana anayeweza kusema kwamba mfasiri hakujua maana ya "merchant". Aliujua mpaka, akauvuka kwa makusudi. Mwanafunzi anayeandika "power" mahali pa "force" huuvuka bila kuuona, na hilo ndilo ambalo mafunzo yanaweza kuliponya.

Kazi ya mwalimu na ya mwanafunzi

Mwaka 1967 S. P. Corder aliandika makala iliyobadili mtazamo wa walimu wa lugha duniani. Alieleza kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi: yanaonyesha kanuni ambazo mwanafunzi amejijengea kichwani mwake. Kwa mtazamo huo, "I hear cold" ni taarifa muhimu kuliko jibu sahihi lililokaririwa, kwa sababu humwonyesha mwalimu ni mpaka gani haujaonekana.

Hatua ya kwanza, basi, ni mwalimu kuyakusanya makosa ya darasa lake na kuyapanga kwa chanzo: yaliyotokana na neno moja la Kiswahili kugawanyika, yaliyotokana na kauli ya kutendesha, na yaliyotokana na maneno kuandamana vibaya. Katika muda wa muhula mmoja ataona kwamba mengi yanarudia machache.

Hatua ya pili ni mwanafunzi kuwa na daftari la mipaka. Badala ya kuandika "nguvu = power", achore mraba, auite "nguvu", augawe sehemu nne, na katika kila sehemu aandike neno la Kiingereza, neno la istilahi ya Kiswahili kama lipo, kipimo chake, na sentensi moja.

Hatua ya tatu inahusu kamusi. Kamusi ya lugha mbili hutoa orodha ya maneno yanayokaribiana, lakini aghalabu haionyeshi ni wapi moja huishia na jingine huanza. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, iliyotungwa kwa ajili ya wageni, hufanya hivyo. Ile mashuhuri ya A. S. Hornby na wenzake ilizaliwa Japani, ambako Hornby alikuwa mwalimu, ikachapishwa huko mwaka 1942 kabla ya kutolewa na Oxford mwaka 1948. Ilitokana na makosa ya wanafunzi wa Kijapani, ambao nao walikuwa wakiitafuta mipaka ya Kiingereza kwa kuifuata ya kwao. Kamusi hizo mbili zitumiwe pamoja: ya kwanza kwa kutafuta neno, ya pili kwa kulihakikisha.

Hatua ya nne ni ya walimu wa masomo mengine. Mwalimu wa fizikia, wa biolojia au wa jiografia asidhani kwamba mpaka wa maneno ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza. Dakika tano za kutenga kani, nishati na nguvu kwa Kiswahili kabla ya kuandika "force", "energy" na "power" ubaoni si dakika zilizopotea.

Mwanafunzi aliyejifunza hivyo, akiulizwa tena jina la chuo cha Buhare kwa Kiingereza, hatakimbilia neno la kwanza katika kamusi. Atauliza kwanza jamii inayosemwa hapo ni ipi: ni nchi nzima pamoja na matabaka yake, au ni wale watu wa kijiji kimoja waliokutana chini ya mti kupanga kuchimba kisima chao.